Mwenye shughuli hakati tiketi

SWALI: Mzee wetu, shikamoo. Mimi ni mweka hazina wa umoja wa wazazi na walimu (UWAWA) katika shule ya msingi ya serikali hapa Mbagala. Tuna wanafunzi kama 800. Mwezi ujao tunafanya siku ya wazazi: ngoma, ngonjera, maigizo, halafu mechi ya walimu na wazazi. Tunatafuta sh. 2,400,000 tumalizie chumba cha kujistiri cha wasichana na tununue tangi la maji. Mwenyekiti amependekeza kiingilio, mtu mzima 2,000, mtoto 1,000, na wanafunzi wanaocheza wapite bure. Anasema cha bure hakithaminiwi. Katibu anasema ni aibu kumtoza mzazi kumwona mwanawe. Kikao kiligawanyika katikati, nikaambiwa nitafute ushauri. Tutoze au tusitoze?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Msitoze mlangoni. Fedha mnayoitafuta ipo, ila haipo getini. Nyingi ipo ndani ya uwanja, na nyingine ipo mitaani, kwa watu ambao hata mtoto hawana hapo shuleni. Nitakupa sababu, na kwa kuwa wewe ndiye mweka hazina nitakupa na hesabu. Katibu wenu ana ukweli, lakini ukweli wake ni wa moyoni, na vikaoni mtu wa moyo hushindwa na mtu wa kalamu.

Nilifanya ukaguzi wa ndani wa halmashauri kwa miaka 21 kabla ya kustaafu, na madaftari ya fedha ya shule niliyoyafungua sina idadi yake. Lakini ninayoyajua kuhusu kiingilio sikuyapata kwenye daftari. Niliyapata nikiwa nimekaa kwenye dawati la mwanafunzi, magoti yanagonga mbao, kwenye geti la shule aliyosoma mtoto wangu wa mwisho. Kamati yetu ilipitisha kiingilio cha sh. 1,000 kwa mkubwa na 500 kwa mtoto, na sauti yangu ilikuwa miongoni mwa zilizoshinda. Kwa kuwa ni mtu wa hesabu nikapewa boksi la viatu lililotobolewa juu, daftari la kaunta, na mhuri wa kuwagonga watu mgongo wa mkono.

Saa nne hivi akafika bibi mmoja na wajukuu wawili wadogo. Wa tatu, mkubwa wao, alikuwa ndani kwenye kundi la ngoma. Akafungua fundo la pindo la kanga, taratibu, akatoa noti ya elfu moja iliyokunjwa mara nne. Nikamwambia jumla yao ni elfu mbili. Akawatazama wale watoto, akanitazama mimi, akauliza, "Kwa hiyo niingie mimi, hawa niwaache na nani?" Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kuelekezwa. Nikamwambia wapite wote. Aliyefuata kwenye foleni alikuwa baba mmoja mwenye funguo za gari kidoleni. Akasema, "Na sisi tuko wanne, tuna elfu moja." Watu wakacheka. Sikuwa na jibu, maana bei niliyowekwa pale kuilinda nilikuwa nimeivunja mwenyewe dakika moja nyuma.

Hata hivyo, si bibi yule anayenijia nikikumbuka siku ile. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mama muuza vitumbua, na mimi nilikuwa mteja wake. Binti yake alikuwa darasa la tano, na siku hiyo alifungwa njuga miguuni. Mara tatu yule binti alikuja mbio hadi getini, njuga zinalia, akachungulia barabarani, akarudi. Mama hakuvuka. Baadaye nilimwona amesimama kwenye ukuta wa upande wa vyoo, pale tofali lilipokuwa limedondoka, anaangalia kupitia pale. Hakuja kuniomba apite bure, na angekuja ningempitisha. Kamati nyingi hazilijui hili: asiye na kiingilio haji mezani kujieleza. Haji tu. Mkitoza, jioni mtafunga hesabu na mtasema hakuna hata mmoja aliyerudishwa, na mtakuwa mnasema kweli.

Tulipohesabu, getini palitoka laki moja na themanini na kitu. Soda, mihogo na mishikaki vilitoa zaidi ya hapo, na huko hakuna aliyegombezwa.

Sasa nikujibu hoja ya mwenyekiti, maana si mtu mbaya. Nadhani najua wazo la kiingilio linatoka wapi vichwani mwetu. Linatoka kwenye harusi. Tumezoea kuchanga, kupewa kadi, na kuonyesha kadi mlangoni. Singo ina bei yake, dabo ina bei yake, na asiyechanga hatarajii kuingia ukumbini. Tumezoea hivyo kiasi kwamba mtu akisikia neno "shughuli" anauliza kadi ni shilingi ngapi. Lakini hata kwenye harusi ya kukodi ukumbi wa Mlimani City, uliwahi kuona mama wa bibi harusi akiulizwa kadi? Yeye ndiye mwenye shughuli. Wanaochangiwa na wanaochanga ni watu wawili tofauti, na mlangoni kila mtu anajua nani ni nani.

Siku ya wazazi ya shule, mwenye shughuli ni nani? Ni yule mtoto mwenye njuga. Mama yake si mgeni wa kamati yenu, ni upande wa mwenye shughuli. Ninyi watu wa UWAWA ni wapishi tu, wa kubeba viti na kufunga turubai. Nikikuambia mpishi amemsimamisha mama wa bwana harusi mlangoni na kumdai elfu mbili, utasema mpishi amepungukiwa na adabu.

Anasema cha bure hakithaminiwi. Aniambie, hiyo siku ni bure kwa nani? Mtoto wa ngoma ameambiwa aje na kaniki au kitenge cha kufanana na wenzake. Wa ngonjera anatakiwa soksi nyeupe. Nywele zimesukwa Ijumaa. Mama anayeuza samaki Feri siku hiyo hakwenda mnadani, kwa hiyo amepoteza siku nzima ya mtaji. Huyo ameshalipa kiingilio wiki mbili kabla yenu hamjachapisha tiketi.

Tuje kwenye kalamu. Chukulia watakuja watu wazima 350 na watoto wa nje ya jukwaa 150. Kwa bei ya mwenyekiti, 700,000 na 150,000, jumla 850,000. Hiyo ni kama kila mtu akilipa, hakuna anayepitia kwenye tundu la ukuta, na hakuna anayebaki nyumbani kwa sababu ya bei. Bado ni kama theluthi moja ya mnachotafuta. Maana yake, hata kiingilio kikifanikiwa kwa asilimia mia, hakiwajengei hicho chumba. Kazi kubwa ya kutafuta fedha iko palepale, na kabla hamjaianza mmeshagombana na watu mnaowahitaji.

Mwenyekiti anaweza kukujibu jambo moja la kihesabu, nami nalitaja kabla yake: elfu mbili ya getini ni faida yote, wakati elfu mbili ya soda na chipsi inaweza kuwaachia mia nne tu. Ni kweli. Ndiyo maana sisemi mtegemee soda. Tatizo la kiingilio ni kwamba kinamchukua kila mtu kwa bei moja. Dereva wa bodaboda mwenye watoto wanne anatoa 2,000 yake, 2,000 ya mke, na ya wale wadogo wasiocheza. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mwenye mtoto mmoja anayecheza, anatoa 2,000, akiwa na mkewe 4,000, na akishagongwa mhuri anaona ameshamalizana na shule. Mmempa risiti ya kuwa huru kwa elfu nne, mtu ambaye angeweza kutoa bati tano bila kuuliza mke. Asiye nacho anazuiwa, mwenye nacho anaachiliwa kwa bei ya bodaboda. Kwangu mimi hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na si ya huruma. Ni ya mapato.

Tazama watu wetu wanavyotoa wanapotoa kweli. Nenda kanisani siku ya mavuno. Hakuna anayetozwa mlangoni. Jogoo wa kawaida, ambaye sokoni asingefika hata 30,000, ananadiwa hadi mzee wa kanisa anaona soni kumwacha aende kwa laki. Akimpata, anamrudisha anadiwe tena. Kwenye maulidi milango iko wazi, pilau inaliwa na jirani na mpita njia, na kapu la sadaka linapita, kila mtu anaweka kwa nafasi yake na mkono umefumbwa. Hatukuhitaji mtaalamu wa nje kutufundisha haya. Mlango wazi, mfuko ufunguke ndani.

Kwa hiyo fanyeni mnada. Wiki mbili kabla, waombeni wazazi walete kitu, si fedha: keki, mkungu wa ndizi, jogoo, ndoo ya maembe, kikapu cha ukili kilichosukwa na bibi wa mtu, mchoro wa mwanafunzi wa darasa la sita. Vitu ishirini vinatosha, vikizidi watu wanachoka. Mtafuteni MC mwenye mdomo, mzazi mwenzenu ikiwezekana, asiyewadai. Vikiuzwa kwa wastani wa 40,000, tayari ni 800,000, karibu sawa na kiingilio chote cha mwenyekiti, na muuza vitumbua ameingia. Hapa kuna onyo moja la kikaguzi. Ahadi za mnadani ni tamu jioni, asubuhi simu haipokelewi. Kila anayeshinda alipe palepale au asaini karatasi yenye tarehe isiyozidi wiki mbili. Na mnada uanze baada ya ngoma ya mwisho ya watoto wadogo, usiwe kabla, maana wazazi wao huondoka mara tu mtoto akishuka jukwaani.

Pili, msiombe shilingi, ombeni vitu vyenye majina. Chukueni ubao wa darasani, muuweke chini ya mti, muandike kilichobaki kwenye kile chumba: mifuko ya sementi mingapi, bati ngapi, vitasa viwili, mlango mmoja, ndoo yenye koki, sinki. Mwenye uwezo achague, afute kwa mkono wake mwenyewe. Nimeona mtu aliyegoma kuchanga 5,000 akinunua kitasa cha 25,000 kwa furaha, kwa sababu kitasa anaweza kukigusa kesho. Tangi msiliweke kwenye ubao. Tangi apelekewe barua mtu mmoja, mwenye duka au mwenye kiwanda kidogo hapo mtaani, aandikwe jina lake ubavuni mwa tangi kama anapenda. Wahenga waliposema mgeni njoo mwenyeji apone, hawakumaanisha mwenyeji amtoze mwenyeji mwenzake. Waiteni waliosoma hapo zamani. Wengine wana maduka Kariakoo na hakuna aliyewahi kuwaita.

Meza za biashara kodisheni. Mama lishe, muuza juisi ya miwa, mpiga picha, wote wanapata wateja kwenu, hivyo watoe kitu kidogo cha meza, na wazazi wa shule wapewe nafasi kwanza. Mpiga picha mmoja tu mwenye makubaliano ya maandishi ni bora kuliko sita wanaosukumana mbele ya jukwaa. Bahati nasibu iacheni. Michezo ya kubahatisha ina sheria yake ya mwaka 2003 na bodi yake ya kutoa leseni, na zaidi ya hapo nusu ya wazazi wa Mbagala watakuambia hiyo ni kamari, na mtakuwa mmeanza ugomvi mwingine usio na sababu.

Kuna jambo mtajaribiwa kulifanya mkishaacha kiingilio, nalo ni baya kukizidi. Ni ile orodha ya kwenye kundi la WhatsApp. Mtu anaandika "Waliochangia siku ya wazazi", anaanza na namba 1 jina lake na tiki ya kijani, halafu kila anayelipa ananakili orodha nzima na kujiongeza chini. Ikifika namba 40, wale ambao hawapo wanajulikana kwa kukosekana kwao. Wanaanza kutoka kwenye kundi kimyakimya usiku, "fulani ameondoka", na siku ya mkutano wa wazazi hamuwaoni. Mchango wa hiari una kipimo kimoja: je, mtu anaweza asitoe, na asijulikane? Kama hawezi, basi si wa hiari, hata uandikwe hivyo kwa herufi kubwa. Wekeni boksi lenye kufuli. Orodha iwe ya vitu vilivyopatikana, si ya watu waliotoa.

Upande wa sheria nitasema kwa ufupi, lakini usiuruke. Nchi hii imefuta ada ya shule ya msingi zaidi ya mara moja: 1973, ikarudishwa 1984 wakati wa ukata, ikafutwa tena 2001 chini ya MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi. Kila ilipotoka kwa mlango wa ofisi ilirudi kwa dirisha, ikiitwa mchango wa mlinzi, mchango wa dawati, mchango wa mtihani. Ndiyo maana Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 haukugusa ada peke yake, uligusa na michango, kuanzia Januari 2016. Waraka Na. 3 wa 2016 ukafafanua nani anabeba nini, mzazi akabaki na mambo kama sare, madaftari na matibabu. Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku walimu kushika michango ya wazazi, na anayetaka kutoa kwa hiari akaelekezwa kwa mkurugenzi wa halmashauri.

Mwenyekiti atasema kiingilio si mchango. Mimi nikiwa na kalamu yangu ya kazini ningeuliza mambo matatu. Shughuli inafanyika eneo la shule? Wanaolengwa ni wazazi wa wanafunzi wa shule hiyo? Mzazi asipolipa, mtoto anaathirika? Nikijibiwa ndiyo mara tatu, ningeandika hoja ya ukaguzi bila kupepesa macho, na atakayeitwa kuijibu si mwenyekiti wa wazazi. Ni mwalimu mkuu. Muulizeni kwanza kama yuko tayari. Na hata kwa huu mnada, andikeni barua kupitia kwake na kwa afisa elimu kata, mpate kibali cha halmashauri kwa maandishi, na fedha iingie kwenye akaunti ya shule kwa namba ya malipo ya serikali, ile inayoanza na 99. Simu ya mwenyekiti isiwe benki, hata awe mwaminifu kiasi gani.

Jirani zetu Kenya jambo hili wameliweka ndani ya sheria yenyewe, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Chama cha wazazi kinaweza kujadili na kupendekeza malipo, lakini shule ya umma haiwezi kuyatoza bila idhini ya waziri, hakuna mtoto wa kuzuiwa shule kwa kushindwa kuyalipa, na hakuna senti ya kupokelewa bila stakabadhi rasmi. Napenda hilo neno "kupendekeza". Wazazi wanapendekeza. Hawajitwalii mamlaka ya kuwatoza wazazi wenzao.

Usidhani nasema shule haina shida. Elimu bila ada ilipoanza, ruzuku ilipangwa sh. 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na katika hizo 6,000 ndizo zilizopelekwa shuleni. Kwa shule yenu hiyo ni 400,000 kwa mwezi, na humo mna chaki, mitihani, michezo, ukarabati na karatasi za ofisi. Chumba cha kujistiri hakitoki humo. Msichana anayekaa nyumbani siku zake kwa kukosa maji na faragha ni shida ya kweli, na nawapa heshima kwa kuiona. Nabishana na geti tu.

Kuna mahali kiingilio kinafaa. Shughuli ikiwa si ya watoto, tozeni bila aibu. Mechi ya walimu na wazazi mnaweza kuitoa kwenye siku ya wazazi, mkaipeleka Jumamosi nyingine kwenye uwanja wa mtaa, mkaongeza timu ya bodaboda dhidi ya timu ya machinga, na kila mtu alipe 1,000. Hapo anayekuja amekuja kuona mpira, na asipokuja hakuna mtoto atakayechungulia barabarani. Safari ya kwenda Bagamoyo au Makumbusho ya Taifa nayo ni kitu kingine. Ile ni nauli na chakula, kila kichwa kina gharama yake, na hapo kazi yenu ni kutafuta nauli za wale ambao hawatalipa kabla hamjatangaza safari, si baada. Na kama hofu ni wingi wa watu, gaweni kadi za bure, mbili kwa kila mtoto. Kadi ya kupunguza msongamano na kadi ya kukusanya fedha ni vitu viwili.

Shule binafsi nazo huniuliza sana kuhusu mahafali. Huko wazazi tayari wanalipa ada, halafu mwezi wa tisa wanapigwa barua ya mahafali: joho, keki, zawadi, chakula cha mgeni rasmi. Ushauri wangu ni mfupi, iwekeni kwenye ada mwanzo wa mwaka ijulikane, au mfanye sherehe ya ukubwa wa mfuko wenu. Mtoto wa chekechea aliyevaa joho na kofia ya pembe nne kama amerudi na udaktari kutoka Uingereza ananichekesha, lakini sicheki nikikumbuka nani amelikodi.

Sasa huenda ukarudi kikaoni na haya yote ukashindwa kura. Hutokea. Basi pigania mambo haya machache. Bei iwe ya kaya, si ya kichwa, ili mwenye watoto wengi asiadhibiwe kwa kuwa nao. Mzazi au mlezi wa mtoto anayepanda jukwaani apite, na hao wahesabiwe mapema kwa majina kwenye orodha ya mwalimu wa zamu, wapewe kadi zao darasani siku moja na kadi za wengine wote, za rangi moja. Tiketi zisipitie mikononi mwa watoto, maana mtoto anayeambiwa "kamwambie mama" na kurudi mikono mitupu mbele ya wenzake amekwishatozwa. Na getini msimweke mtu kama mimi. Mwekeni mama mwenye sura ya ukaribisho, mpeni ruhusa kamili ya kusema "karibu, piteni" kwa yeyote anayesitasita, bila kumwuliza sababu na bila kumwandika. Akipitisha watu sitini, msimwulize jioni.

Lakini ukishinda, meza yako ya hazina iweke ndani, hatua kama ishirini kutoka getini, karibu na ubao wa mahitaji, kivulini. Kaeni wawili, mmoja anapokea, mmoja anakata stakabadhi, na asiwe ndugu yako. Mnada uwe na daftari lake, meza daftari lake, soda daftari lake, msichanganye. Boksi la hiari lifunguliwe mbele ya watu watatu na mwalimu mkuu akiwepo, idadi isomwe kwa kipaza sauti kabla watu hawajatawanyika, hata kama ni ndogo. Na soda, mwanangu, ndiko fedha za shule nyingi zilikovujia nikiwa kazini: hesabu kreti zinapoingia, na jioni hesabu chupa tupu wewe mwenyewe, 24 kila kreti, kabla gari la kuzichukua halijafika. Muuzaji anaweza kusahau, chupa hazisahau. Zikipungua, anzia kutafuta nyuma ya jukwaa, waigizaji wa darasa la saba huwa wana kiu sana.